Swali Lako Limebaki, Mkawasi

Rafiki yangu Mkawasi,

Tangu tukuzike kijijini kwenu Wusi, sijaingia ofisini hapa Voi bila kutazama kama umefika. Kiti chako hakuna anayekikalia. Kazi yako wamenipa mimi, na nimeichukia.

Unakumbuka utafiti wetu ulivyoanza, ule wa kulinganisha wafanyakazi na waajiri wa nchi mbalimbali? Wakubwa wa ng'ambo walitutumia swali: "Una uhusiano gani na mwajiri wako?" Tukalipeleka kwa wakata mkonge. Mama wa kwanza akakunja uso. "Uhusiano gani? Mimi Mdawida wa hapa Taita, yeye hata kwao sikujui." Wa pili akajibu kwamba tajiri amemuoa binamu yake, kwa hiyo ni shemeji. Ulicheka mpaka ukakaa vumbini na sketi yako nyeupe.

Kisha ukalifuta swali lao, ukauliza kivyako: "Ukionewa kazini, unamwambia nani?" Hapo watu wakaongea. Kuna aliyesema humwambia nyapara, kuna aliyetaja chama cha wafanyakazi. Yule mama wa kwanza alisema hana wa kumwambia, machozi yakamtoka, nawe ukaweka kalamu chini ukamshika mkono.

Ulipofariki tu, wakubwa wakataka swali lako liondolewe. Nchi nyingine hazikuuliza hivyo, walisema, kwa hiyo majibu yetu hayalinganishiki. Mkutano ulikuwa juzi, mtandaoni, na nilitakiwa kukutetea. Niliogopa sana. Wewe ndiye uliyekuwa na mdomo, mimi nilizoea kukaa kando yako na kuitikia kwa kichwa.

Nilisema vibaya. Kiingereza chote nilichopanga kilipotea. Nikawaambia tu kwamba wakiliondoa, wale watu wa mkonge watakuwa wametuambia bure. Nikajua nimeharibu. Halafu profesa mmoja wa India akasema hata kwao lile swali la kwanza lilijibiwa kwa habari za undugu, ila waliona aibu kusema.

Limebaki, Mkawasi. Sasa litaulizwa nchi zote.

Nikatoka nje mbio nikuambie. Nilishapiga namba yako kabla akili haijanirudia, na simu ikapokelewa. Alikuwa mama yako. Kumbe hajaizima hata siku moja. Nikaanza kulia hata kabla ya kumsalimia. Akangoja, kisha akasema, "Niambie mimi, mwanangu."

Nikamwambia yote, mpaka ya huyo profesa. Najua hakuelewa mengi, lakini alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza kama nimekula.

Pumzika sasa, rafiki yangu. Nakuahidi, kila kazi yetu ikisogea nitapanda Wusi nikae na mama yako jikoni, nimweleze tulipofika. Atasema hajui mambo hayo. Nitamweleza tu.

Mwenzako,
Wawuda