Kiazi Hakikusema Uongo

Jumatatu, 9 Septemba
Viazi kilo mbili, kisu, rula, bika sita za kioo za kupimia. Kesho kidato cha pili wanasoma jinsi maji yanavyoingia na kutoka kwenye seli. Miaka kumi na minane nikitunza maabara nakata viazi vya somo hili, naweza kuvikata nikisinzia. Vipande vya sentimita tano, vyote sawa.
Nimejaribu leo ili kesho tusiaibike. Kilichokaa kwenye maji ya chumvi kilinywea vizuri. Kilichokaa kwenye maji ya bomba kilitakiwa kirefuke na kukakamaa, maana maji huingia ndani ya seli. Kimekataa. Sentimita tano kilipoingia, tano kilipotoka, laini kama mkanda. Viazi vya soko la Migwani siku hizi ni vizee. Nimeandika kwenye rejista: "Viazi vibaya."

Jumanne, 10 Septemba
Nimenunua vingine. Yaleyale. Mwalimu Mutua wa bayolojia akachungulia: "Madam, hii result si ya kitabu. Tafuta namna, class ni saa nne."
Nimetafuta namna. Tangi la shule lina maji ya mvua kidogo, ya chini kabisa. Nimejaza bika hapo. Kiazi kikarefuka milimita tatu, kigumu, ukikikunja kinakatika ta! Wanafunzi wakaandika. Mwalimu akafurahi. Maji ya bomba nimeyamwaga kwenye sinki.
Nyumbani Kalekye anaharisha. Ni mjukuu wangu, ana miaka miwili. Mama yake, Mwende wangu, yuko kwenye kibarua cha mashamba ya mbegu huko Kiboko. Labda ni meno.

Jumatano, 11 Septemba
Mara sita kabla ya saa nne asubuhi. Si meno. Zahanati wamenipa pakiti za ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini: kila moja na lita moja ya maji safi yaliyochemshwa.
Maji ninayo. Ni ya kisima kipya cha kanisa, kile cha mashine, yaleyale yanayofika shuleni kwa bomba. Tangu kifunguliwe mwezi wa saba tumesahau njia ya mtoni. Yana chumvi, ndiyo. Tunataniana kwamba Mungu ametuletea maji na kiungo chake. Muthokoi wangu, mahindi ya kukoboa na maharagwe, siutii chumvi siku hizi. Mwanzoni nilikuwa nakunja uso. Sasa ulimi umezoea, sisikii kitu.
Nimeyachemsha mpaka sufuria ikabaki nusu, vijidudu vyote vife. Halafu nikapima lita kamili kwa bika niliyoazima shuleni. Migwani nzima hakuna aliyewahi kupima ORS kama mimi.

Alhamisi, 12 Septemba
Kuharisha kumepungua. Lakini hiyo kiu! Anashika kikombe kwa mikono miwili, anakimaliza, analia apewe kingine. Mtoto anayekunywa ni mtoto anayepona. Pakiti ya pili.
Nepi kavu tangu saa sita mchana. Sijaipenda.

Ijumaa, 13 Septemba
Sikwenda kazini. Ngozi ya tumbo lake ukiifinya inabaki imefinywa, kama unga uliokandwa. Analia kwa sauti nyembamba. Hakuna machozi. Ukimgusa anashtuka.
Mama Nduku wa jirani amekuja kuomba. Ameomba vizuri, lakini macho yake yalikuwa kwa mtoto, hayakufumba. Pakiti ya tatu. Kila nikimpa anazidi kukauka. Naogopa, na sijui naogopa nini.

Jumamosi, 14 Septemba
Saa tatu asubuhi alikakamaa mikononi mwangu. Macho yakageuka juu. Sikumbuki nilivyopanda bodaboda. Kiatu kimoja kilibaki njiani.
Hospitalini sista akauliza nilimpa nini. Nikamwambia ORS, nikajisifu hata pale: nimepima, nimechemsha.
"Na maji ni ya wapi, mama?"
Nikafungua mdomo nimjibu, nikaona kiazi. Sentimita tano kilipoingia, tano kilipotoka.
Maji hufuata chumvi. Chumvi ikizidi nje ya seli, maji yaliyo ndani hutoka kuifuata. Hata kuchemsha hakuiondoi. Yanapungua maji, chumvi inabaki palepale. Haya nayajua kama jina langu. Mtoto aliomba maji siku tatu, na kila kikombe nilichompa kilimkausha.

Jumapili, 15 Septemba
Dripu inadondoka polepole mno. Nilimwomba daktari afungulie kidogo. Akakataa. Seli zimezoea ukavu. Maji yakirudishwa kwa haraka yataingia kwa fujo na ubongo utavimba. Kumbe hata maji mazuri sasa yanaweza kumuua.
Seli ya kiazi ina ukuta. Ikijaa maji inakaza tu. Seli ya mtoto haina ukuta. Nimeichora ubaoni mara nyingi, na rangi.
Mwende amefika kutoka Kiboko, bado yuko na gambuti za shamba. "Mwaitu, mama yangu, ulimpa nini?" Nikasema ORS. Ni kweli. Ni nusu ya kweli.

Jumatatu, 16 Septemba
Bado. Mkono wa kushoto wa Kalekye unatetemeka. Mwende hataki kukaa.

Jumatano, 18 Septemba
Amekojoa. Shuka lote, na godoro, na gauni langu. Sista akacheka. Mimi nikalia kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakageuka.
Jioni amesema "susu", yaani nyanya, akaninyooshea mkono. Wa kulia. Wa kushoto daktari anasema tungoje.
Sikuweza kukaa na nusu yangu ya kweli tena. Nimemwambia Mwende yote. Habari ya kisima alielewa, sote tunakunywa maji yake. Nikamwambia na ya viazi. Kwamba tangu Jumatatu nilishayaona yale maji kwa macho yangu, nikaandika viazi vibaya, na Jumanne nikayamwaga.
Akasema:
"Mwaitu, kiazi ulikitafutia maji mazuri."
Angenipiga ingekuwa afadhali.

Jumapili, 22 Septemba
Wametoka hospitalini jana, wameenda moja kwa moja Kiboko. Nguo za mtoto Mwende atatuma mtu azichukue.
Kanisani nimesimama. Nimesema maji ya kisima chetu yasichanganywe na ORS, watoto wadogo wasiyanywe, yapelekwe yakapimwe. Nimesema na nilichofanya. Mchungaji akashukuru Mungu kwa uponyaji wa Kalekye. Mzee wa kamati ya maji akauliza kama nataka warudi mtoni.
Nilipopita kisimani saa nane, foleni ya mitungi ilikuwa palepale. Mama Nduku alikuwa wa tatu. Yuko na mjukuu wa miezi minane.

Jumatano, 25 Septemba
Nimerudia zoezi na kidato cha pili. Bika tatu: mvua, kisima, chumvi. Nimewaambia waandike wanachokiona. Kwenye rejista nimefuta "Viazi vibaya" kwa mstari mmoja, ili yasomeke, na juu yake nikaandika "Maji."
Bika niliyoazima nimeirudisha.
Jioni Mwende amepiga simu, mara ya kwanza. Mkono wa mtoto umeanza kushika kijiko. Anakula. Lakini hanywi, akasema, mpaka mama yake anywe kwanza kwenye kikombe kilekile na yeye akimtazama.
Nilimuuliza maji ya huko wanachota wapi. Akaniambia. Nikamuuliza tena.