Kwa Twahir wa Sekei Jazz, Aliyeimba "Omary Rudi"

Leo mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipoliacha gitaa lako barazani. Kila siku kabla ya chai ulikuwa unalipangusa kwa kipande cha kanga ya Mama, uzi mmoja baada ya mwingine, kisha unaligusa kidogo kusikia kama limeamka vizuri. Siku ile ulifika katikati ukasimama. Mama akaita kutoka jikoni, "Baba Salwa, chai inapoa." Tulipotoka tulikukuta umeshika kifua, kanga imeanguka sakafuni, na wewe unatutazama kama mwimbaji aliyesahau maneno jukwaani.

Ninayeandika ni Salwa. Mama amesema niandike mimi kwa kuwa ndiye niliyesoma chuo, na mdogo wangu Rukaiya amesema niandike mimi kwa kuwa siwezi kusema mbele za watu. Wote wamesema kweli.

Watu wengi wa Arusha walikufahamu kwa sauti kabla ya kukufahamu kwa sura. Mchana ulikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha magunia, na mwisho wa wiki ulikuwa mwimbaji na mpiga gitaa la rithim wa Sekei Jazz, bendi ya kiwanda hichohicho. Mama anasema mlipoanza mtindo wenu wa Tikisa Mgomba, hata mabinti wa Kilutheri kutoka juu mlimani walikuwa wanateremka kucheza, halafu Jumapili wanaimba kwaya kama hawakutoka nyumbani.

Hukuringa kamwe. Kiwanda kilipouzwa, vyombo vya bendi vilikwenda pamoja na mashine, kwa kuwa vilikuwa mali ya kiwanda. Tajiri mpya alitaka magunia, hakutaka muziki. Wewe ulirudi nyumbani na hili gitaa moja ulilolinunua mwenyewe, ukalala siku nzima, kesho yake ukaenda sokoni Kilombero kuuza mitumba. Hatukuwahi kukusikia ukilalamika. Ukifungua belo ulikuwa unaimba, na wateja walikuwa wanakuja kwa nyimbo kuliko kwa nguo. Tena ulikuwa muuzaji wa ajabu. Mama mmoja alijaribu koti mbele yako, akauliza kama limemkaa. Ukamwambia, "Shangazi, hilo linakufanya ufanane na mlinzi wa benki. Livue." Akacheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo hakununua kwa mtu mwingine.

Jambo moja tu lilikuwa linakunyamazisha. Kijana yeyote akikutambua, alikuwa anapaza sauti pale sokoni, "Si wewe wa Omary Rudi? Mwache aende!" Watu wanacheka. Wewe unatabasamu, unainama, unaanza kukunja mashati ambayo yalikwisha kukunjwa.

Wasiokujua tuwaeleze. Omary alikuwa mpiga solo wa Sekei Jazz na rafiki yako tangu utotoni hapa Levolosi. Bendi kubwa ya Dar es Salaam ilimfuata kwa siri, ikamwahidi nyumba na gitaa jipya, akaondoka bila kuaga. Enzi zile bendi zilikuwa zinanyang'anyana wanamuziki, na aliyehama alikuwa anatungiwa wimbo wa kumsuta. Huo ulikuwa utaratibu. Wewe ukatunga, "Omary rudi, njia unaijua, gitaa lako limekaa, hakuna wa kuligusa." Siku ya kurekodi, magitaa yalipoachiwa nafasi, Aminiel, mpiga ngoma za tumba, akachombeza kwa sauti ya kebehi, "Mwache aende!" Bendi nzima ikaangua kicheko, na kicheko kikaingia kwenye mkanda. Zamu yenu ya kurekodi ilikuwa imekwisha. Wimbo ukatoka hivyo hivyo.

Nchi nzima ikaucheza kama kijembe. Na kule Dar es Salaam Omary akausikia kama kijembe, akajibu kwa wimbo mkali zaidi. Ukumbi wenu ukawa unajaa kila Jumamosi kwa sababu ya ugomvi huo. Ungesema nini? Bendi ilikuwa inakula kwa wimbo ule.

Muziki wa dansi ulipopoa na watu wakahamia kwenye disko, Omary alirudi Arusha akafungua kibanda cha kutengeneza redio Kimandolu. Mji mmoja, na bado mlikuwa mnaonana misibani tu. Salaam, halafu kila mtu upande wake wa turubai.

Sasa tukusimulie ambalo hukuliona. Ulipokuwa umelala wodini, Mama akiwa ametoka kufuata maji ya moto, uliniambia, "Salwa, unapafahamu kwa Omary? Nenda kamwambie naumwa. Usiseme nimekutuma."

Wewe unajua nilivyo mwoga wa kubisha hodi. Nilipita mbele ya kile kibanda nikakivuka, nikarudi, nikakivuka tena. Mara ya tatu yeye mwenyewe akaniita.

"Binti, una redio au unatafuta mchumba?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si wa Twahir? Hayo macho ya kuangalia chini ni ya Twahir."

Nikamwambia unaumwa. Akaweka chini kifaa alichokuwa anachomea waya.

"Amekutuma?"

Nilishindwa kusema hapana na nilishindwa kusema ndiyo, kwa hiyo nikaangalia viatu vyangu.

"Basi amekutuma," akasema. Akafunga kibanda, redio za watu zikiwa bado wazi mezani.

Yaliyobaki uliyaona, ila tunapenda kuyarudia, kwa sababu ndiyo siku tuliyokuona umefurahi mara ya mwisho. Mzee Omary aliingia wodini akasimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi.

"Umekonda, Twahir. Umekuwa kama uzi wa kwanza wa gitaa."

"Na wewe umenenepa kama besi," ukamjibu.

Mama akafunika mdomo kwa mtandio. Mkaongea habari za bei ya mitumba, za vijana wa siku hizi wanaoimba bila hata gitaa moja nyuma yao, za Aminiel ambaye sasa ni muumini mkubwa na hataki kusikia habari za tumba. Mliongea yote isipokuwa lile moja. Muuguzi alipokuja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha, Mzee Omary akavaa kofia. Hapo ndipo ulipomshika mkono wa shati.

"Omary. Wimbo ule sikukusuta. Kicheko hakikuwa changu."

"Yamepita hayo."

"Hayajapita. Niliimba, watu wakacheza, wimbo ukawa si wangu tena. Sasa nakwambia bila muziki. Nilitaka urudi."

Muuguzi akarudia maneno yake. Mzee Omary akakufunika shuka vizuri mpaka kifuani, kama mtu anayefunika mtoto, akatoka. Ulibaki unautazama mlango. Mama alikwambia, "Amesikia, Baba Salwa." Ukasema, "Sijui kama amesikia." Ijumaa alfajiri ukatutoka, na jambo hilo hukulijua. Limetuuma mwaka mzima kuliko mengine yote.

Unakumbukwa na mke wako Zuleha, ambaye bado anakata kipande cha kanga cha kupangusia gitaa lako kila cha zamani kikichakaa. Na wanao Salwa na Rukaiya. Na dada yako Hedwiga, aliyebatizwa kule kwa mama yenu mlimani na anayekuombea kwa namna yake. Na wote wa soko la Kilombero. Siku zetu zote zitakuwa na nafasi yako, Baba. Mola akurehemu.

Na unakumbukwa na Omary. Wiki iliyopita tulikwenda naye kusafisha kaburi lako kwa ajili ya dua ya leo. Alikataa kusaidiwa. Aling'oa majani peke yake, akachuchumaa kando ya kaburi. Tukadhani anasoma Fatiha. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mnaongea barazani, "Ningerudi, Twahir. Ningejua unaniita kweli, ningerudi kwa gari la kwanza."