Nafasi Kwenye Benchi la Nyuma

Mjukuu wangu Nyambura,

Huku Othaya tuko wazima. Ng'ombe wako amezaa ndama jike, na babako anakusalimia sana.

Uliniuliza, "Cucu, umewahi kumwonea Yesu haya?" Ndiyo, nimewahi.

Nikiwa msichana, rafiki yangu Wangari alipata mimba kabla ya kuolewa. Wazee wa kanisa wakamtenga, akawa anaketi benchi la nyuma peke yake. Nilikuwa nimemwambia, "Usiogope, nitaketi na wewe." Jumapili iliyofuata aliponiona mlangoni, alisogea kunipa nafasi. Nikawaona wenzangu wa kwaya wakinitazama, nikampita kama simjui, nikaenda mbele. Wimbo ulikuwa wa kumfuata Bwana hadi msalabani. Niliimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baadaye Wangari aliolewa Kiriaini, akafariki kabla sijamwomba msamaha.

Siku hizi mimi huketi nyuma. Wakinivuta niende mbele na akina mama, nawaambia magoti yananiuma. Nilikuwa sijamwambia mtu ukweli, hata babu yako. Na nikishaketi, husogea kidogo, na kuacha nafasi ya mtu mmoja.

Ni mimi,
Cucu wako