Mkanda wa paja la mama mkwe

Kaka, nimekwisha.

Si nilikwambia mama mkwe ameng'ang'ania nimpeleke kwenye maji ya kasi kule mtoni? Leo kaja.

Kazi yangu unaijua. Mtu anapiga magoti ndani ya mtumbwi, nampachika sifongo ya kumbana kiunoni, halafu navuta mikanda ya mapaja mpaka yeye na mtumbwi wawe kitu kimoja. Wateja wote nawafunga mwenyewe.

Sasa paja la mama mkwe, kaka! Mama aliyemzaa mke wangu! Mkono ukagoma. Nikatazama pembeni, nikavuta mikanda kidogo tu, nikasema, "Tayari, mama."

TAYARI!!

Nikapanda nyuma yake; wimbi la kwanza tu, tukapinduka. Goti lake moja likachomoka, mguu wa pili ukanaswa kwenye mkanda uliolegea. Kichwa chini, kaka! Nikajichomoa, nikazama, nikaufyatua mkanda. Nikamtoa anakohoa maji.

Wateja wengine wote ukingoni macho kwetu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akaniuliza, "Na wengine unawafunga hivi?"

"Hapana, mama. Nilikuonea haya."

"Ulinionea haya." Alirudia polepole, kila mtu anasikia. Yaani ningemuua kwa adabu!

Nikajua sasa ananilaani. Wapi! Tulipougeuza mtumbwi akaingia, akapiga magoti, akanikabidhi mkanda mkononi.

"Kaza, mwanangu. Heshima tutaikuta ng'ambo."