Oili Niliyomwekea Mzee Parsaloi

Mama,

Ni miezi saba tangu tukulaze kule nyumbani Machakos, na bado asubuhi nikifungua duka natoa viti viwili. Kimoja nakirudisha ndani haraka kabla wateja hawajafika, maana sitaki kuulizwa. Nakuandikia nikiwa kwenye kaunta yako hapa Kitengela. Mvua imeleta tope mpaka mlangoni, na leo watu ni wachache.

Duka lipo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula. Bado nauza oili kwa maswali yako. Gari ni la mwaka gani, limetembea kilomita ngapi, mara ya mwisho ulitia nini, unapita lami ya Namanga au unapiga vumbi huko ndani? Juzi mwalimu mmoja mwenye gari kuukuu alitaka ile oili nyepesi ya bei ya juu, eti shemeji yake mwenye gari jipya ndiyo anayotumia. Nikampa maneno yako yale yale: "Hiyo ni pesa unamwaga. Injini yako imechoka, inataka nzito, na ubadilishe mapema." Akachungulia nyuma yangu kana kwamba anamtafuta mwenye duka. Mwenye duka ni mimi, Mama, na bado sijazoea.

Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za mwalimu. Nataka kukwambia kuhusu Mzee Parsaloi.

Unaikumbuka siku ile vizuri kuliko mimi, ila kuna sehemu hukuiona. Ulikuwa umeenda kliniki Kajiado. Mimi nilikuwa na wiki sita tu dukani tangu niache kazi ya ofisi Nairobi nije kukusaidia, na nilijiona nimeshajua kila kitu. Mzee akafika na pikipiki yake kutoka kule ndani, ukishapita Isinya, kama alivyofanya kila mwezi akija kununua dawa za mifugo. Akaiacha ibadilishwe oili, akaenda zake sokoni.

Oili za pikipiki zilikuwa zimeisha. Neno "zimeisha" ni jepesi sana, Mama, na ningelisema tu. Badala yake nilipandisha mkono kwenye rafu ya juu, nikashusha ile ya gari iliyo ghali kuliko zote, na nikapanga kumtoza bei ya ile ya pikipiki. Nilidhani namfanyia mzee wa watu wema. Nilijiambia kwamba ikiwa inafaa gari la mamilioni, pikipiki itaikataa vipi? Nikamwaga ile chafu, nikatia hiyo.

Na ulikuwa umeniambia. Ulinieleza kwamba kwenye pikipiki kama ile, klachi inaogelea katika oili ile ile ya injini, kwa hiyo oili ya gari inayoteleza sana huifanya klachi ishindwe kushika. Ulinionyesha mpaka herufi za kutafuta kwenye chupa. Nilikuwa nikiitikia "ndiyo, Mama" huku naangalia simu.

Mzee aliporudi, wewe ulikuwa umeshafika kutoka kliniki, umekaa hapo nje na shuka yako miguuni. Akakushukuru wewe, akidhani ndiye uliyeibadilisha. Nami nikapokea pesa zake.

Siku ya tatu aliitwa kwa jirani yake, mjane, ambaye ng'ombe wake alikuwa ameshindwa kuzaa. Watu wote wa huko humwita Mzee kwa kazi hiyo, kwa sababu ana mkono mzuri. Kwenye kile kilima cha mawe injini ikanguruma na pikipiki isisogee. Akaisukuma, akashindwa, akaiacha njiani akatembea kwa miguu. Alipofika, ng'ombe alikuwa amekufa na ndama akiwa tumboni.

Alipokuja hapa alitusimulia hayo bila kupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya kaunta akakuuliza, "Mama Mwende, tumejuana miaka mingapi? Ile kitu uliniwekea ni oili ya nini?"

Nilifungua mdomo. Ukanitangulia. "Ni mimi, Mzee. Macho yangu siku hizi si mazuri, nilishika chupa mbaya. Nisamehe." Wala hukunitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na haikuwa nafasi fupi, maana mzee alisimama pale muda mrefu akikutazama. Nikageuka nikaanza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Jioni nilikuuliza kwa nini. Ukanijibu huku unakunja shuka: "Mimi naenda, Mwende. Jina langu sina haja nayo tena. Wewe ndiyo utabaki na hawa watu, na bado hawakujui. Wakikujua kwa hiyo ng'ombe, hutauza hata chupa moja." Nilikukatalia habari ya kwenda. Habari ya jina sikuikataa.

Kisha ukaenda kweli. Kwenye ibada ya mazishi, kanisani hapa Kitengela, Mzee Parsaloi alisimama mbele ya jeneza lako akasema, "Huyu mama alinikosea mara moja peke yake. Leo mbele yenu nimemsamehe, imeisha." Watu wakaitika amina. Mimi nilikuwa kiti cha mbele nikilia, na waliokuwa karibu walinishika mabega, wakidhani nakulilia wewe tu. Nililia kwa aibu, Mama. Ulikuwa umelala pale unasamehewa kosa langu.

Nililibeba hilo mpaka mwezi uliopita, nikashindwa. Nilienda kwake nikamkuta akitazama mbuzi. "Takwenya," akanisalimu Kimaasai. "Iko," nikaitika, na kabla hajaniuliza habari za nyumbani nikamwambia yote, mpaka ile ya kuangalia simu. Halafu akasema, "Kwa hivyo mimi nilisamehe mtu hakuwa na makosa. Mbele ya jeneza yake." Akaongeza, "Mimi niliongea kanisani. Wewe utaongea wapi?"

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nilisimama. Nilisema nani alishusha ile chupa, na kwa nini wewe ulisema ni wewe. Mzee alikuwa amekuja, ameketi nyuma kabisa. Nilipomaliza akasimama akasema, "Mama Mwende hakunikosea. Ile maneno yangu nimeondoa." Akaketi. Hakunitazama.

Ulisema kweli kuhusu watu. Waendesha boda wawili waliokuwa wateja wako tangu zamani sasa wananunua kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Mzee mwenyewe anabadilishia oili Kajiado, na akipita hapa hupunga mkono bila kusimama. Siwalaumu. Wengine wanakuja, na nikiwauliza yale maswali wanajibu polepole huku wananiangalia mikono. Kitu kikiisha nasema kimeisha.

Yule mjane nitampelekea mtamba mmoja badala ya ng'ombe wake kabla mwaka haujageuka. Hilo nakuahidi, na pia nakuahidi kwamba hakuna atakayetoka hapa na chupa ambayo sijasoma maandishi yake mimi mwenyewe.

Lala, Mama. Jina lako nimekurudishia. Langu nitaanza kulitafuta mwenyewe, hapa hapa, kwa watu hawa hawa. Ila ningetoa duka hili zima ili nirudi siku ile niseme ukweli, ukiwa umekaa hapo nje, unasikia.

Mwanao,
Mwende