Babu Yetu Februari

Mwanangu Zainabu,

Nakusalimu toka Guangzhou. Viatu vya soko la Zhanxi vimepanda bei, na magoti yangu nayo yamegoma.

Nilimwomba Ilham, mwanafunzi wa kwetu, amtafute babu yetu Mholanzi, Februari van Zanzibar, kwenye kumbukumbu za kale za Waholanzi mtandaoni. Kampata. Hakucheka, ndipo nikaogopa.

"Mzee wangu, 'van' ni 'kutoka'. Watumwa wao ndio walioitwa hivyo, kwa pwani walikotolewa. Februari pengine ni mwezi alionunuliwa."

Nami sokoni najiita Mista Van! Na posa ya Gharib wako nimeirudisha juzi tu, nikasema mjukuu wa mtumwa hali pilau ya harusi kwangu. Uso sina pa kuuficha.

Mwambie alete tena, kama bado anatutaka. Sasa yeye ndiye wa kuuliza asili yetu.

Ni mimi babako,
Abdulsamad