Wasikilizaji Wote Walipotukimbia

Ujiji, Jumapili

Mdogo wangu Pendo,

Hujambo huko Tabora? Umeniuliza ufanyeje ukitaka kupiga muziki wa roki kwenye bendi. Kabla hujaanza kupiga, angalia mawingu.

Jana tulipiga ufukweni, chini ya turubai, karibu na mahali shangazi na wenzake wanapoanika dagaa. Wenzangu ni vijana wawili wakimbizi kutoka Burundi. Kiongozi, Dezire, alinionya, "Dada, una aibu mno. Ukiharibu leo, gitaa la besi nampa mwingine."

Wimbo wa pili tu, watu wote wakageuka wakakimbia. Dramu ikakoma, Dezire naye akaacha kupiga. "Basi, wametukataa!"

Kumbe matone yalikuwa yameanza, na hapa mvua ikija kila mtu hukimbilia dagaa, wawe wake au wa jirani. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso kwa aibu, sikuona lolote, nikaendelea kupiga. Shangazi akapaza sauti, "Komera, binti! Jikaze, usinyamaze!"

Wanawake wakazoa dagaa kwa kufuata besi yangu, mabega yakicheza. Dramu ikaingia tena, na mwishowe hata Dezire. Dagaa wote wakaokolewa. Kisha watu wakarudi wamelowa chapachapa, wakidai wimbo uleule!

Dezire akanitazama. "Besi ni yako, dada. Ila siku nyingine inua uso, uwaone wanavyokushangilia."

Nikainua, Pendo. Walikuwa wengi!

Mkumbatie mama kwa nguvu, mwambie nina afya na furaha.

Dada yako akupendaye,
Neema